Sura ya 6: Nyumba Kuukuu za Walimu Chuoni Zinaficha Nini?

"Nyumba ya juzi hii, mnaipima ya nini?" Watu wa akiolojia wakionekana chuoni na kamba, futi na kamera, wakizizunguka nyumba za zamani za walimu, hilo ndilo swali linalowapokea. Mlinzi ataliuliza, mpishi wa bwalo ataliuliza, na mkuu wa chuo ataliuliza pia, kwa adabu zaidi. Ni swali la haki. Akiolojia tumezoea kuisikia ikitajwa pamoja na Olduvai, ambako Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus Julai 1959, au magofu ya Kilwa Kisiwani. Nyumba ya matofali yenye bati la kutu na mwembe uani, ambamo mwalimu wa hisabati bado anaanika nguo zake, inaingiaje humo?

Inaingia kwa sababu akiolojia haina sharti la umri. Ni elimu ya kuwajua watu kwa vitu walivyoviacha: kuta, vigae, majivu, mashimo ya taka. Viwe vya miaka milioni au vya miaka hamsini, kazi ni ile ile. Tena kwa nyumba za vyuo kuna jambo la ziada, ambalo ndilo hoja ya sura hii. Maandishi ya chuo yanamjua mwalimu aliyekabidhiwa ufunguo. Wengi waliopika, waliofua, waliolala na kulelewa katika nyumba ile hawamo katika faili lolote. Alama zao ziko ardhini, na mara nyingi ziko nyuma ya nyumba.

## Kwa nini tuanzie Kasulu

Kasulu, mkoani Kigoma, haina kampasi kongwe ya chuo kikuu, wala isingeweza kuwa nayo. Tanganyika nzima haikuwa na chuo kikuu hadi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, wanafunzi wachache wa sheria walipoanza masomo katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kilichopo Kasulu ni kile ambacho wilaya nyingi zinacho: chuo cha ualimu mjini, chuo kingine cha ualimu Kabanga karibu na misheni ya Kikatoliki na hospitali yake, chuo cha maendeleo ya wananchi, chuo cha Biblia cha Waanglikana. Vyuo vya namna hii huwa na nyumba za walimu zilizojengwa kwa vipindi tofauti na kwa fedha za mifuko tofauti, na tofauti hizo ndizo chakula cha mtafiti.

Kuna sababu nyingine. Uha, yaani nchi ya Waha ambamo Kasulu imo, ni nchi ambayo watu wake wamehamishwa zaidi ya mara moja. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wa upande wa Kibondo katika makazi ya pamoja ili wakae mbali na mbung'o, nzi wanaoeneza malale. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, mapema kabla operesheni za vijiji hazijaenea nchi nzima, na familia zikaacha nyua zao mabondeni na milimani zikahamia vijijini kando ya barabara. Nyumba za zamani za Waha, misonge ya fito na nyasi ndani ya ua, zikabaki mahame. Anayejua kusoma ardhi huyatambua mahame hayo kwa migomba iliyogeuka mwitu na kwa mivumu iliyopandwa uani ikaota ikawa miti mikubwa.

Katika nchi kama hiyo, nyumba ya tofali iliyokaa mahali pamoja miaka sitini au sabini ni kitu adimu. Si kwamba ina thamani kuliko msonge. Imebahatika tu kutohamishwa.

Wala kuchimba si jambo geni mkoani Kigoma. Mwaka 1967 John Sutton na Andrew Roberts walichimba kwenye chemchemi za chumvi za Uvinza, wakakuta kwamba watu walikuwa wakichemsha maji ya chumvi pale tangu takriban karne ya 5 au ya 6. Wauza chumvi wa Uvinza wa zama hizo hawakuacha hata herufi moja. Walichoacha ni majiko, majivu na vigae vya vyungu, na hivyo ndivyo vilivyowatambulisha. Mbinu iliyotumika Uvinza ndiyo itakayotumika nyuma ya nyumba ya mwalimu.

## Nyumba hutaja umri wake

Swali la kwanza la msomaji huwa: mtajuaje ilijengwa lini kama faili limepotea? Hapa ndipo kazi inaponoga.

Anza na saruji. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza uzalishaji mwaka 1966. Kabla ya hapo, mfuko wa saruji ulioonekana Kasulu ulikuwa umetoka nje ya nchi, ukasafiri kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, kisha ukapandishwa milimani karibu kilomita 100. Bidhaa iliyosafiri namna hiyo haimwagwi ovyo. Ndiyo maana ukikuta nyumba yenye ukuta wa tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa tope, na saruji imepakwa sakafuni, kwenye vizingiti na kwenye ngazi tu, unaanza kufikiri kwamba ni ya zamani. Lakini usiandike mwaka kwanza. Hata leo fundi mwenye bajeti ndogo hufanya vivyo hivyo.

Chupa husema wazi zaidi. Mwaka 1903 Michael Owens wa Marekani alikamilisha mashine ya kutengeneza chupa bila mtu wa kupuliza. Chupa ya mashine ina mshono, yaani ule mstari mwembamba ubavuni, unaopanda hadi juu kabisa mdomoni. Chupa za kabla ya hapo zilizopuliziwa ndani ya kalibu, mshono wake huishia shingoni, kwa kuwa mdomo uliumbwa kwa mkono. Kizibo cha bati chenye meno, kile cha soda na bia, kilipata hataza yake mwaka 1892. Kwa hiyo hata kizibo kilichooza kwa kutu hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka huo.

Sarafu ndizo tamu zaidi kwa upande wa Kasulu, kwa sababu mikoa michache nchini ilipitia fedha nyingi hivi kwa muda mfupi hivi. Kulikuwa na rupia na heli za Wajerumani. Mwaka 1916, vita ikiwa imewabana, Wajerumani wakawa wanagonga sarafu za dharura katika karakana ya reli ya Tabora. Mwaka huo huo Wabelgiji wakaiteka Kigoma, na nchi ya Kasulu na Kibondo ikakaa chini yao hadi 1921, ndipo ikakabidhiwa kwa Waingereza. Shilingi ya Afrika Mashariki ikaanza mwaka huo wa 1921, na shilingi ya Tanzania ikaja 1966. Sasa tazama mtego: Kongo ya Wabelgiji ilikuwa na sarafu zenye tundu katikati, na senti kumi ya Afrika Mashariki nayo ina tundu. Mtoto akiokota kisarafu chenye tundu nyuma ya jiko, mzee atakwambia ni "senti ya Mwingereza" na kumaliza. Ioshe kwanza. Ukiona nyota imezunguka tundu, ni ya Kongo. Ukiona pembe mbili za ndovu zilizopinda, ni ya Afrika Mashariki.

Takataka za karibuni nazo zina tarehe. Tangu miaka ya 1990, baada ya Rais Ndadaye kuuawa Burundi Oktoba 1993 na wakimbizi kuvuka mpaka, na baada ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kufunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, madebe ya mafuta ya kula ya msaada yakawa mlango wa banda, pipa la maji, kiraka cha paa. Na mfuko wa rambo? Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Watafiti wa miaka mia ijayo watautumia mfuko wa rambo kama sisi tunavyotumia heli ya Mjerumani, na watatucheka kwa wingi wake.

Kwa ufupi. Ndani ya tabaka moja la udongo, kitu kipya kuliko vyote ndicho kinachotaja umri. Tabaka ni kile kitandiko cha udongo kilichotuama kwa wakati mmoja, kikatofautiana rangi na kilicho juu na chini yake. Heli ya mwaka 1910 ikikutwa pamoja na kipande cha ndoo ya plastiki, tabaka ni la enzi ya plastiki. Heli ilikaa tu mfukoni mwa mtu muda mrefu. Kwa matofali tahadhari ni hiyo hiyo. Watu huyachomoa kwenye gofu wakajengea upya, na tofali la 1930 linaweza kuwa limekaa kwenye ukuta wa 1975.

## Mbele ya nyumba na nyuma ya nyumba

Nyumba za watumishi zilizojengwa kwa mtindo wa kikoloni zina ramani inayojirudia toka Kigoma hadi Kampala. Mbele kuna barabara, bustani na baraza. Sebule inatazama barabara. Jiko limesogezwa nyuma, wakati mwingine limetengwa kabisa na kuunganishwa na nyumba kwa njia yenye paa. Nyuma zaidi, mwisho wa ua, kuna vyumba viwili vitatu vidogo vyenye choo chao: boi kota.

Jina hilo sote tunalijua, na wengi wetu tumeishi humo au tuna ndugu aliyeishi humo. Lakini tafuta boi kota katika nyaraka za chuo chochote uone. Utakuta gharama ya bati lake, labda. Aliyelala ndani hutamwona. Mpishi, dobi, yaya na mtunza bustani walilipwa na mwenye nyumba mfukoni mwake, kwa hiyo hawakuwa kwenye orodha ya mishahara ya chuo.

Kwa Kasulu hili lina uzito wake. Wakoloni waliigeuza Uha kuwa nchi ya kutoa vibarua. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikuwapo nyumbani. Vijana walikwenda Tanga na Morogoro kukata mkonge kama manamba, na tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuandikisha watu, SILABU, kilichowasafirisha kutoka mikoa ya magharibi. Kijana aliyepata kazi ya jikoni misheni au kwa ofisa alikuwa amepata mshahara bila kupanda treni. Alibaki karibu na mama yake na shamba lake. Ndiyo kusema vyumba vile vidogo vya nyuma ni sehemu ya historia ya kazi ya Waha, sawa na kambi za mkonge, ila hakuna aliyevihesabu.

Ardhi ya nyuma inasema nini? Jalala la jiko likichimbwa vizuri, udongo ukapitishwa kwenye chekecheke, vipande vya sahani za kaure hutoka pamoja na vigae vya vyungu vya kufinyangwa. Sahani ni ya mezani. Chungu ni cha nani? Mahali vinapopatikana ndipo jibu lilipo. Vigae vikizidi karibu na boi kota na kaure ikizidi karibu na mlango wa jiko, tunaona majiko mawili, vyakula viwili na nyumba mbili ndani ya ua mmoja. Vikichanganyika, kuna hadithi nyingine ya kuulizwa. Mifupa husaidia pia, ingawa udongo mwekundu wa milima yenye mvua nyingi huila upesi. Kioo na kaure ndivyo vinavyodumu.

Kuna anayeona kuchokonoa jalala ni kazi duni. Mwaka 1973 William Rathje wa Chuo Kikuu cha Arizona alianza kuchambua taka za watu wa mji wa Tucson na kuzilinganisha na majibu yao ya dodoso. Bia waliyosema wanakunywa ilikuwa pungufu kuliko makopo yaliyokuwa kwenye taka zao. Dodoso lilijazwa na mtu anayejua anaulizwa, taka hazikujua.

## Mwalimu mpya alipohamia

Sehemu ninayoipenda mimi ni ile iliyofuata uhuru, ambayo wapenzi wa majengo ya kale huiruka kwa kuiona ni uharibifu. Mwalimu Mtanzania alipohamia kwenye nyumba iliyochorwa kwa ajili ya mume, mke na watoto waliosoma bweni Ulaya, alikuja na watu. Alikuja na mama mzazi, wadogo zake wanaosoma, mpwa aliyefiwa. Nyumba ikabidi ikubali.

Baraza likazibwa kwa matofali likawa chumba cha wavulana. Unaliona hadi leo: rangi ya tofali imebadilika, na dirisha la zamani la sebule sasa linafungukia ndani ya chumba kingine. Jiko la kuni lenye bomba la moshi likawa stoo, kwa sababu ugali wa watu kumi hausongwi pale. Mafiga yakahamia uani na kuacha duara jeusi ardhini. Boi kota ikapangishwa, au ikawa banda la kuku, au darasa la masomo ya ziada jioni. Bustani ya maua ikalimwa maharage. Wakati wa uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mshahara usipotosha, bustani ya nyuma ilikuwa sehemu ya mshahara.

Mchoro wa mkoloni haukukosea vipimo. Ulikosea watu. Na kila ukuta ulioongezwa na walimu wa baadaye ni ushahidi wa namna familia ya Kitanzania ilivyoishi kwa mshahara wa serikali, ushahidi ambao huwezi kuupata kwenye hotuba za bajeti.

## Wenzetu wamefanyaje

Tukitoka Uha, mifano iko karibu. Kampala, mwaka 1937, Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa kwenye baraza la nyumba yake. Baraza hilo likazaa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo leo inaitwa kwa jina lake, na humo akasoma kisha akafundisha Sam Ntiro wa Kilimanjaro, mchoraji aliyekuja kuwa Balozi wa Tanganyika London. Anayetafuta chimbuko la shule ile kwenye majengo ya madarasa atalikosa. Lilikuwa nyumbani kwa mwalimu. Dar es Salaam, chuo kilihamia Mlimani mwaka 1964, na katika miaka iliyofuata mabishano makubwa ya siasa na historia hayakuishia kwenye kumbi, yaliendelea majumbani. Mwanahistoria Walter Rodney, mmoja wa waliobishana, alikuwa akifundisha pale alipotoa kitabu chake kuhusu Ulaya na uduni wa Afrika mwaka 1972.

Marekani wametangulia kwa kuchimba. Chuo Kikuu cha Michigan State kilipotimiza miaka 150, mwaka 2005, kilifukua msingi wa bweni lake la kwanza lililoungua 1876, na baada ya hapo kikaanzisha kitengo chake cha akiolojia: mtaro wa bomba ukichimbwa kampasini, mtu wa akiolojia yupo. Chuo Kikuu cha Virginia, kilichoanzishwa 1819, kina nyumba kumi za maprofesa zinazosifiwa kwa uzuri. Kwa muda mrefu wageni walionyeshwa nguzo za mbele tu. Baadaye chuo kikakiri kilichokuwa chini na nyuma: vyumba vya watumwa waliozijenga na kuzihudumia. Tofauti ya mtumwa na boi ni kubwa, tusiichezee, lakini ramani ya nyumba inafanana kupita kiasi.

## Kuuliza watu bila kuwauliza mwaka

Nusu ya kazi haihitaji sururu. Ukimwuliza mama mtu mzima wa Kasulu, "Baraza hili lilizibwa mwaka gani?", atakisia ili kukuridhisha. Mwulize kwa matukio: ni kabla ya Operesheni au baada? Wakimbizi Warundi wa kwanza, wale wa 1972, walikuwa wameshaingia? Wakati wa vita vya Kagera bati lilikuwa hili hili? Mwalimu Nyerere alipofariki, 1999, nani alikaa hapa? Tarehe zitajipanga zenyewe. Na msalimie kwanza, ukae, unywe ulichopewa. Mtu hamwelezi mgeni aliyesimama habari za alikopikia ujana wake.

Waulize wapishi wastaafu kabla ya wahadhiri wastaafu. Wahadhiri wameandika, wapishi hawakuandika, na umri unawatupa mkono. Uliza pia kama wanaridhia majina yao yaandikwe.

Maandishi nayo yatafutwe. Maofisa wa wilaya wa Kiingereza walikuwa na kitabu cha wilaya, daftari kubwa ambamo kila ofisa aliandika habari za watemi, mila, barabara na majengo kabla ya kumwachia aliyemfuata. Vitabu hivyo, pamoja na cha Kasulu, vimehifadhiwa Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

## Sheria inalinda nini

Wengi hudhani nyumba ikizeeka serikali huilinda. Sivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Nyumba yoyote ya mwalimu Kasulu ni changa kwa kipimo hicho, na italindwa ikiwa tu Waziri ataitangaza rasmi. Mwaka 2002 serikali ilipoanza kuuza nyumba zake kwa watumishi, nyumba nyingi za zamani nchini zilibadilika mmiliki, na mmiliki mpya hakuwa na wajibu wa kuandika lolote kabla ya kubomoa.

Sheria hiyo hiyo, kwa upande mwingine, inamkataza mtu kuchimba mabaki ya kale bila leseni ya Idara ya Mambo ya Kale. Kwa hiyo msomaji asiondoke hapa akaenda kufukua jalala la jirani. Lakini kupima, kupiga picha na kuuliza hakuhitaji sururu. Chuo kinachotaka kukarabati au kubomoa nyumba ya zamani kinaweza kuanza na haya:

- picha za pande zote nne, paa, sakafu, boi kota na choo chake, kukiwa na futi kwenye picha;
- mchoro wa ua mzima pamoja na miti, mabomba, mafiga na mashimo ya taka;
- orodha ya waliokaa, kuanzia wa sasa kurudi nyuma, wenye ufunguo na wasio nao;
- chapa zilizogongwa kwenye mabati, vitasa, masinki na matofali, ziandikwe kama zilivyo.

Paa likiwa la asbesto, lisiguswe na asiye na vifaa. Vumbi lake linaua mapafu.

Mafundi wakichimba msingi mpya wakakutana na rundo la vigae, chupa au sarafu, wasimame, wapige picha kabla ya kutoa kitu, kisha ofisa utamaduni wa halmashauri aitwe aje aone. Nakala moja ya kumbukumbu ibaki maktaba ya chuo na nyingine ipelekwe Nyaraka za Taifa. Kazi yote hiyo kwa nyumba moja yaweza kufanywa na wanafunzi wa ualimu wa somo la historia wakati wa muhula, kwa daftari, futi na simu zao, kabla fundi hajaleta ndoo ya kwanza ya lipu.